Siku ya Tatu Mpe Jembe: Jinsi Mgeni Anavyokuwa Mzee wa Ukoo

Kuna swali ambalo watu wa Mara huulizana msibani, kwenye vikao vya mahari na hata ndani ya basi la Musoma: inawezekanaje mtu aliyeingia kijijini bila ng'ombe, bila shamba na bila ndugu, akafa akiwa mzee ambaye kijiji kizima kinamzika kama baba yao? Karibu kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Alitoka mahali fulani, akafika kwa miguu, akaomba maji ya kunywa, akapewa pa kulala, akalima. Leo wajukuu wake wametapakaa vitongoji vitatu, na jina lake ndilo wanaloapia.

Wengine hulijibu swali hilo kwa kusema alikuwa na bahati. Wengine husema alikuwa na dawa. Mimi naona jibu liko katika vitu viwili vinavyoonekana kwa macho, jembe na ghala, na katika kimoja ambacho masimulizi yetu hukificha: mikono ya wanawake. Ili nieleze ninachomaanisha, nitaanzia Nyamuswa.

Nyamuswa iko Wilaya ya Bunda, katika nchi ya Waikizu. Ukitoka Bunda mjini ukaelekea mashariki, unaliacha Ziwa Victoria mgongoni na kuusogelea Mlima Chamuriho, unaoonekana kutoka mbali. Butiama, katika nchi ya Wazanaki, ni jirani. Upande wa pili yako mbuga za Serengeti, na kusini ndiyo njia ya kwenda Usukuma. Mahali kama hapa hapawezi kukosa wageni. Mvuvi kutoka ziwani, mwindaji kutoka mbugani, mkulima wa Kisukuma aliyekimbia ukame, Mngoreme aliyegombana na kaka zake, wote wamepita. Wengi hawakuendelea na safari.

Hata wa kwanza walikuwa wageni

Waulize wazee wa Ikizu nchi yao ilianzaje, na hadithi utakayopewa itakuwa ya watu waliokuja. Masimulizi yanamtaja Muriho, aliyewaondoa wakazi wa kale waitwao Hengere na kuiganga nchi hata ikakalika. Mlima Chamuriho unabeba jina lake. Kisha yanamtaja Nyakinywa, na hapo ndipo mambo yananoga.

Nyakinywa alikuwa mwanamke, na alitoka Kanadi, upande wa Usukuma, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Simiyu. Alikuwa na ujuzi wa kuleta mvua. Alipofika Ikizu alikutana na mwindaji aitwaye Isamongo, ambaye naye alikuwa na kitu chake: moto. Wakaoana. Lakini katika nyumba ya watu wawili wenye uwezo, swali la nani atawale haliepukiki, nao wakashindana. Moto wa Isamongo ukazimwa na mvua ya Nyakinywa. Basi mwanamke mgeni akawa mtemi, yaani mtawala mwenye dhamana ya mvua na ustawi wa nchi, na watemi waliofuata walihesabu ukoo wao kuanzia kwake.

Sihitaji kujua kama mvua hiyo ilinyesha siku fulani ya mwaka fulani ili niione maana ya hadithi. Jamii ingeweza kujisimulia kwamba ilichipuka ardhini hapo hapo na kwamba wengine wote ni wavamizi. Zipo jamii nyingi duniani zinazojisimulia hivyo. Waikizu walichagua kusimulia kwamba mkubwa wao wa kwanza alikuwa mtu wa kuja, na kwamba alipewa ukubwa kwa sababu ya alichowaletea. Mvua ni ya kila mtu. Huwezi kuinyeshea shamba lako peke yako ukaliruka la jirani. Kwa hiyo mgeni wa kwanza kuheshimiwa katika nchi hii aliheshimiwa kwa jambo ambalo lisingeweza kumfaa yeye bila kuwafaa wengine.

*Kwa ufupi:* katika masimulizi ya Ikizu, ugeni hauzuii ukubwa. Kinachoangaliwa ni alicholeta mtu na jinsi kinavyowafikia wengine.

Mgeni alipokelewa vipi hasa?

Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, aliitumia katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962 kuonyesha kwamba ukarimu wa zamani haukuwa wa kulea wavivu. Watu wengi huisikia kama onyo kwa mgeni: usikae sana bila kufanya kazi. Naomba tuisikie pia kama zawadi. Anayepewa jembe amepewa na mahali pa kulitia. Hakuna anayempa jembe mtu anayetaka aondoke kesho.

Tuchukue mfano. Kijana anatoka Ukerewe akiwa na kifurushi cha nguo na panga. Anafika kwenye mji wa mzee mmoja wa Nyamuswa jioni. Hajui mtu, ila amesikia kwamba mzee huyo ana mashamba makubwa na moyo mkubwa. Siku mbili anakula bila kuulizwa kitu. Siku ya tatu anaamka alfajiri na kwenda shamba pamoja na vijana wa mji ule, na jioni mzee anapouliza habari zake, anajibiwa na vijana wenyewe: anajua kazi. Msimu mzima anakaa hapo. Msimu wa pili mzee anamwonyesha pori lililo karibu na kumwambia afyeke kadiri atakavyoweza. Mbegu za mtama na ulezi anazipata kwenye ghala la mzee. Akivuna, anarudisha mbegu na kitu juu yake, na si kwa sababu ameandikiana na mtu.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kijana anataka kuoa, na Mara bila ng'ombe huoi. Ndugu zake wako ng'ambo ya maji na pengine hawana kitu. Mzee anamtolea ng'ombe. Tangu siku hiyo kijana si mgeni tena. Watoto watakaozaliwa watamwita yule mzee babu, watazikwa katika ardhi ile, na ukiwauliza ukoo wao, wengi wao watakutajia ukoo wa mwenyeji bila kusita.

Kwa nini mzee afanye hivi? Huruma ilikuwepo, wala sitaki kuipunguza. Lakini tuelewe pia hali ya nchi ilivyokuwa. Ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache. Shamba lisilo na mkono wa kulilima lilirudi kuwa pori, pori likaleta ndorobo na wanyama, nao wakamaliza ng'ombe na mazao. Mtu mwenye watu wengi mjini mwake alikuwa na walinzi usiku, walimaji mchana, mashahidi kwenye baraza na wabebaji siku ya msiba. Utajiri ulihesabiwa kwa watu. Ng'ombe walikuwa njia ya kuwapata watu hao na kuwaweka.

Ng'ombe wenyewe hawakuwekwa zizi moja. Mwenye mifugo mingi aliwakabidhi wengine kwa marafiki wa mbali na karibu. Aliyekabidhiwa alikunywa maziwa, akatumia samadi, na baada ya miaka akapewa ndama wa kuanzia maisha. Mwenye ng'ombe naye alipata usalama: ugonjwa ukipiga mji mmoja, au wavamizi wakija usiku, hapotezi wote. Hivyo ndivyo maskini wengi waliofika mikono mitupu walivyopata zizi lao la kwanza.

Kulikuwa na rika pia. Rika ni kundi la watu waliopita jando au sherehe za ukubwa wakati mmoja, na wanaohesabiana kama ndugu maisha yao yote. Mgeni akiingizwa katika rika la wenzake alipata ndugu kwa mkupuo mmoja, hata kama damu yao haikukutana popote. Na kupanda ngazi za heshima miongoni mwa wazee kulihitaji karamu. Ulichinja, ukapika, ukaita watu. Bahili hakuwa na njia ya kupanda, hata akiwa na zizi limejaa.

Miaka ya sotoka

Hayo yote yalijaribiwa vibaya sana mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiua ng'ombe na wanyama wengine wa jamii yao, uliikumba Afrika Mashariki na kuyaacha mazizi matupu. Mara nayo haikupona. Njaa ikafuata, na ndui ikafuata njaa. Funza nao, wadudu waliovuka bara zima kutoka pwani ya Angola, wakaingia katika miguu ya watu ambao hawakuwa wamewahi kuwaona, wengine wakashindwa hata kutembea kwenda shamba. Kabla nchi haijapumua, Wajerumani walikuwa wamefika.

Familia nyingi za Mara zilikwenda Usukuma kutafuta chakula. Wapo walioacha watoto huko wabadilishwe na nafaka, kwa matumaini ya kurudi kuwakomboa. Wapo waliorudi na wapo ambao hawakurudi. Kwa hiyo mtu wa Nyamuswa anaposema bibi yake alikuwa Msukuma, inawezekana kabisa kwamba bibi huyo alikuwa mtoto wa Mara aliyepotelea kusini katika njaa ile na kurudi akiwa mama mtu mzima, akizungumza lugha nyingine.

Nadhani hiki ndicho kipindi kinachoeleza vizuri zaidi ukarimu wa wazee tunaowasimulia. Kizazi kilichokuja kuwa na miji mikubwa katika miaka ya 1920 na 1930 kilikuwa kimezaliwa ndani ya njaa au kando yake. Walijua kwa miili yao maana ya kubisha hodi pasipo na ndugu. Walipoweka ghala kubwa kuliko mahitaji ya nyumba zao, hawakuwa wakijionyesha. Walikuwa wanakumbuka.

Rafiki wa Mzee Burito

Mkubwa anayekumbukwa sana katika Ikizu ya wakati wa Waingereza ni Chifu Mohamed Makongoro Matutu. Jirani yake wa Butiama alikuwa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyezaliwa karibu mwaka 1860 na kushika uchifu mwaka 1915. Hawa hawakuwa wageni katika nchi zao. Ninawaleta hapa kwa sababu wanaonyesha mzee wa aina hii alitakiwa kufanya nini kwa mtoto asiye wake.

Habari inayosimuliwa ni hii. Makongoro alikuwa akimtembelea Burito, na katika mazungumzo ya wazee huletwa soro, mchezo wa mashimo na kete ambao pwani huuita bao. Mtoto mmoja wa Burito, Kambarage, ambaye ndiye Julius Nyerere, aliruhusiwa kucheza na mgeni, akamfunga. Chifu mwingine angeweza kucheka yakaisha. Makongoro alimshauri rafiki yake ampeleke mtoto huyo shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliandikishwa Shule ya Mwisenge, Musoma, karibu kilomita 40 kutoka kwao. Mwaka 1937 alikuwa Tabora. Yaliyofuata dunia inayajua.

Ng'ombe wa mahari wanahesabika, na mbegu za mtama zinapimwa kwa debe. Ushauri haupimwi. Lakini naamini kwamba katika mambo yote ambayo chifu wa Ikizu alitoa kwa majirani zake, hilo neno moja kwa baba wa mtoto limeenda mbali kuliko mengine. Makongoro hakuwa na faida yoyote ya karibu. Mtoto hakuwa wa ukoo wake wala wa kabila lake.

Nani alilijaza ghala?

Sasa tufike pale ambapo simulizi za wazee wakarimu hupita haraka.

Burito alikuwa na wake 22. Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Katika miji mikubwa ya Mara ya wakati huo kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na ghala lake, na mume alikuwa na ghala lake pembeni. Wageni wa mzee walilishwa kutoka wapi? Mara nyingi kutoka katika nyumba za wake. Mzee alisema neno moja tu, karibuni, na baada ya neno hilo kulikuwa na kuni za kutafutwa, maji ya kuchotwa, ulezi wa kusagwa kwenye jiwe na moto wa kupulizwa. Mgeni alipoondoka alimshukuru mwenye mji. Sifa ilibaki barazani wakati majivu yalibaki jikoni.

Nyerere mwenyewe, aliyekulia katika mji wa namna hiyo, aliliona. Azimio la Arusha la 1967 linasema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wengi wa vijijini wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Sijui kiongozi mwingine wa wakati ule aliyewaambia wanaume wa nchi yake maneno hayo hadharani. Nina hakika hakuyatoa vitabuni. Alikuwa amemwona mama yake.

Sisemi haya ili kuwashusha wazee. Mzee aliyemtolea kijana mgeni ng'ombe wa mahari alifanya jambo kubwa, na wengine wenye uwezo kama wake hawakulifanya. Ninachotaka ni hesabu iliyo kamili. Ukarimu wa mji ulikuwa kazi ya watu wengi iliyoitwa kwa jina la mtu mmoja.

Zaidi ya hayo, Mara ina desturi inayoonyesha kwamba ubaba wa mji ulikuwa nafasi, na nafasi hiyo iliweza kushikwa na mwanamke. Inaitwa nyumba ntobhu, na inajulikana hasa kwa Wakurya. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane au mtu mzima mwenye mali, hutoa ng'ombe na kumwoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na kurithi jina lake. Desturi hiyo ina lawama zake leo, hasa pale wasichana wadogo wanapoozwa bila hiari, na lawama hizo ni za haki. Lakini inaonyesha kitu: kilichomfanya mtu awe nguzo ya ukoo kilikuwa uwezo wa kutoa, kulisha na kubeba majina ya wengine.

*Kwa ufupi:* ukisikia sifa za mzee mkarimu, uliza nani walilima, nani walipika, na kama wao pia walikumbukwa siku ya kugawa urithi.

Wageni wa dukani

Si wageni wote waliopewa jembe. Wengine walikuja na mzani na doti za kaniki. Atakayesimulia habari za wahamiaji Afrika Mashariki bila kuwataja Wahindi wa madukani atakuwa ameacha nusu ya hadithi.

Aliyewahi kumpeleka mgonjwa Muhimbili analijua jina la Sewahaji. Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya wafanyabiashara wa Kiismailia kutoka India, akakuza biashara yake Bagamoyo kwa kuandaa misafara ya kwenda bara. Alipofariki mwaka 1897 aliacha sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya matibabu ya watu wa kawaida, na hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo.

Kwake alifanya kazi kijana mmoja aliyevuka bahari kutoka Kutch, magharibi mwa India, akiwa bado mtoto: Allidina Visram. Alijifunza biashara ya misafara, kisha akaanza yake. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, alifungua maduka kuifuata, akiwauzia vibarua chakula. Kutoka hapo alisambaa Uganda, akawa na maduka mengi, mitambo ya kuchambua pamba na vyombo vya kusafirisha mizigo ziwani. Alileta vijana kutoka kwao, akawapa bidhaa kwa mkopo na kuwaambia waende wakafungue duka pahali pasipo na duka. Ukiangalia vizuri utaona ni desturi ile ile ya kukabidhi ng'ombe. Ametoa mtaji kwa mtu asiye na kitu, naye mtu huyo akasimama, na mwenye mali akapata ndugu katika kila soko.

Visram alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akajenga shule ya sekondari Mombasa kwa jina la baba yake, na shule hiyo ipo hadi leo. Biashara yenyewe haikudumu. Baada ya miaka michache tu ilikuwa imesambaratika. Tofauti yake na mzee wetu wa Nyamuswa iko hapo. Wasia na shule hudumu zikiandikwa vizuri. Himaya ya madeni huishia pale mwenye kumbukumbu ya madeni anapokufa. Na kuna tofauti nyingine tusiyopaswa kuikwepa: mgeni wa jembe alioa kijijini na watoto wake wakawa wa kijiji, wakati sheria za kikoloni zilimtenga Mhindi, Mzungu na Mwafrika katika shule, hospitali na mitaa. Wageni hao wawili hawakufunguliwa mlango mmoja.

Kutoka Nyamuswa kwenda duniani

Karne ya 20 iligeuza mwelekeo. Migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, iliyo mwendo mfupi kutoka Butiama, ilileta vibarua kutoka pande nyingi. Pamba ikawapa watu fedha za kodi na ada za shule. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wa Mara kwa nguvu kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwapanga pamoja, na katika msimu mmoja watu waliokuwa wenyeji kwa vizazi wakajikuta wageni kilomita chache tu kutoka kwenye makaburi ya baba zao. Kisha vijana wakaondoka: Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi, na wachache ng'ambo.

Leo kijana wa Nyamuswa aliyeko Dar es Salaam ndiye mgeni aliyefika mikono mitupu. Analala sebuleni kwa mjomba, siku ya tatu anaonyeshwa kibanda cha kuuza vocha au bodaboda ya kuendesha kwa hesabu ya siku. Akisimama, kwao wanamjua kwa ada anayolipa, bati alilotuma na mchango wa msiba. Watu wa kata moja huunda umoja wao mjini, wakachangia kisima au chumba cha darasa nyumbani.

Si sisi peke yetu. Kati ya 1942 na 1964 Marekani iliajiri vibarua wa mashambani kutoka Meksiko kwa mpango maalumu wa serikali hizo mbili, na zaidi ya mikataba milioni 4 ilitiwa saini. Wanaume waliondoka vijiji vikavu vya Zacatecas na Michoacán wakavuna matunda na mboga California. Wengi walibaki au wakarudi tena, wakawa wakuu wa familia kubwa: baba anayeamka usiku kwenda shamba la mtu, anayewalaza wapwa wake ukumbini hadi wapate kazi, anayejenga nyumba kijijini ambayo yeye mwenyewe halali humo. Wahamiaji hao waliunda vyama vya watu wa kijiji kimoja huko Los Angeles na Chicago, wakituma fedha za barabara, makanisa na maji. Serikali ya Meksiko iliona jambo hilo ikaliwekea utaratibu, na kuanzia 2002 ukawa wa nchi nzima: kwa kila dola moja ya wahamiaji, serikali kuu, jimbo na halmashauri ziliongeza dola moja kila moja.

Naliona hilo kuwa jambo la kuigwa. Vyama vya wana-Mara walioko mijini hujenga darasa hadi kwenye lenta, halafu jengo hukaa misimu ya mvua bila bati kwa sababu hakuna aliyeahidi kwa maandishi kuongeza chake. Halmashauri ikiahidi kabla tofali la kwanza halijawekwa, wachangiaji watajua wanachangia nini na kijiji kitajua kimdai nani.

Na mgeni anayekuja Nyamuswa leo? Pori la kuonyeshwa na mzee limekwisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mwombaji aende halmashauri ya kijiji, na mkutano wa kijiji ndio unaoidhinisha. Ni utaratibu mzuri kwa sababu unazuia mtu mmoja kugawa ardhi ya wote. Lakini mkutano hautoi mbegu wala hautoi ng'ombe wa mahari. Hayo bado yanahitaji mwenyeji mwenye sura na jina.

Ukitaka kuandika habari za mzee wako

Wazee waliokuja kwa miguu katika miaka ya 1940 na 1950 wanaondoka, na wanaojua njia walizopita ni wachache. Desemba watu wanaporudi nyumbani, chukua daftari au washa simu irekodi. Shikamoo kwanza, kisha kaa chini upoe, usianze na tarehe. Maswali yanayofungua midomo ni haya:

- Ulipofika, ulilala kwa nani usiku wa kwanza?
- Jembe la kwanza ulipewa na nani, na shamba lilikuwa wapi?
- Ng'ombe wa mahari yako walitoka zizi la nani?
- Mwaka wa njaa, nani alikula kwako, na wewe ulikula kwa nani?
- Ni nani ulimlea ambaye hakuwa damu yako, na sasa yuko wapi?

Ukishamaliza na babu, nenda jikoni au kivulini aliko bibi, umuulize maswali yale yale kwa utaratibu ule ule. Yeye pia alifika katika mji ule akiwa mgeni, tena peke yake, siku alipoolewa. Andika majibu yake katika kurasa zake mwenyewe, kwa jina lake na la kwao alikotoka.